Gunia la Mboga la Watoto Kampala: Mwongozo Kamili wa Kulijenga Lisife Mwezi wa Pili

Kila anayeniuliza kuhusu gunia la mboga, yaani gunia lililojazwa udongo na kupandwa mboga juu na ubavuni, awe wa Katwe, Kisenyi, Nsambya au Namuwongo, huja na maelezo yaleyale. Miche ya juu ilistawi, ya ubavuni ikakauka mmoja baada ya mwingine. Watoto walimwagilia kwa kushindana wiki ya kwanza, na kufika wiki ya tatu kila mmoja akasema zamu si yake. Mwezi wa pili gunia limebaki la kuanikia matambara.

Husingiziwa udongo, husingiziwa mbegu. Mara nyingi shida ni mbili tu: maji hayakufika chini, na gunia halikuwa na mwenyewe. Hatua zote hapa chini zimepangwa kuziba matundu hayo mawili. Zinamfaa mzazi wa chumba kimoja cha kupanga, mwalimu wa shule isiyo na kiwanja, na yeyote anayelea watoto wengi mahali ambapo uwazi wote ni upana wa mlango.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Hesabu hii ni ya gunia moja na watoto wanne hadi sita. Usianze na magunia matatu. Anayeanza na matatu huishia kumwagilia moja.

- Gunia la nailoni la kilo 100 lililobeba mahindi, mchele, maharage au sukari. Lililobeba saruji, mbolea ya dukani au dawa liache, hata ukipewa bure.
- Jerikeni la lita 5 la mafuta ya kupikia, lililokatwa juu na chini libaki bomba pana.
- Mawe au vipande vya matofali vya ukubwa wa ngumi ya mtoto, ndoo moja ya lita 20.
- Udongo uliochekechwa, ndoo tatu.
- Mbolea ya samadi au ya maganda iliyooza kabisa, ndoo moja na nusu.
- Mchanga, nusu ndoo.
- Fito nne za mita moja na nusu, na kamba.
- Matofali au mawe bapa ya kuinulia gunia.
- Beseni lililopasuka au jerikeni kuukuu la kitalu.
- Mbegu za sukuma wiki, dodo (mchicha) na nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu).
- Chupa tupu za maji, moja kwa kila mtoto, na rangi au kalamu isiyofutika.
- Majivu ya sigiri (jiko la mkaa), yaliyopoa na kuchekechwa.

Wembe au kisu ni kazi ya mtu mzima peke yake, kwa hiyo sikukiweka kwenye orodha ya watoto.

## Chagua majira kabla ya kuchagua mbegu

Kampala ina misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Sia kitalu mwishoni mwa Februari au mwishoni mwa Agosti, ili miche iingie kwenye gunia mvua zikiwa zimeshika.

Kuna sababu ya pili ambayo watu wazima huisahau. Likizo ndefu ya shule huangukia Desemba na Januari, wakati jua ni kali na nusu ya watoto wamepelekwa kijijini kwa bibi. Gunia linaloanzishwa mwanzoni mwa Desemba lina wamwagiliaji wengi kwa wiki moja, kisha halina hata mmoja. Kama lazima uanze wakati huo, jua kwa majina ni nani anabaki mjini.

## Hatua ya 1: Omba mahali

Mwone mwenye nyumba kabla ya kuleta hata jiwe moja. Gunia lililojaa udongo uliolowa hupita kilo 100, na ukiambiwa uliondoe, utalivunja. Mwenye nyumba akisita, mwambie gunia halishiki ukuta na halizibi mtaro. Hayo mawili ndiyo anayoogopa. Kama ni uwazi wa watu wengi, mwambie pia mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa. Kando ya barabara na juu ya mtaro usiweke kabisa. KCCA, mamlaka ya jiji, wakipita kusafisha, hawatauliza lilikuwa la watoto wa nani.

Tafuta mahali panapopata jua kwa muda wa saa nne au tano kila siku. Mboga za majani huvumilia kivuli kidogo, lakini uchochoro usioona jua hutoa miche mirefu, myembamba na ya njano.

Bwaise na sehemu nyingine za bondeni, maji ya mafuriko huingia hadi ndani ya nyumba yakiwa yamebeba uchafu wa vyoo. Huko gunia likae juu ya matofali yaliyopangwa hadi kupita alama ambayo mafuriko huacha ukutani. Mboga iliyoguswa na maji hayo usiwape watoto.

Utajua umefaulu: mahali pana ruhusa, pana jua, na mtoto anapaona akitoka mlangoni. Gunia lililo nyuma ya nyumba husahaulika.

## Hatua ya 2: Sia kitalu

Toboa beseni chini, jaza udongo uliochanganywa na mbolea, kisha chora mistari yenye kina cha sentimita moja. Weka mbegu za sukuma zikiachana, funika kidogo, nyunyizia. Weka kivulini mpaka zichipue, kwa kawaida ndani ya siku nne hadi nane, halafu usogeze kwenye jua polepole.

Miche huwa tayari baada ya wiki nne hivi, ikiwa na majani manne ya kweli, bila kuhesabu yale mawili ya mwanzo yanayotoka na mbegu. Unaweza kununua miche sokoni ukaokoa muda, lakini kwa watoto sishauri. Mtoto aliyeona mbegu yake ikipasua udongo huitetea kwa namna ambayo mche wa kununua haupati.

Watoto chini ya miaka mitano hawawezi kungoja wiki nne. Wape maharage mawili kila mmoja kwenye kopo la udongo. Yatachipua upesi, nao watawaachia wakubwa kitalu kwa amani.

## Hatua ya 3: Andaa udongo na mbolea

Udongo wa mitaa yetu una historia. Utakuta vioo, misumari, vipande vya kavera (mifuko ya plastiki), betri zilizopasuka, wakati mwingine sindano. Mtu mzima achekeche kwanza kwa wavu au kapu kuukuu, ndipo watoto waguse. Mwenye kidonda mkononi apumzike siku hiyo, na wote wavae viatu.

Usichote tope la mtaro hata likionekana jeusi na lenye rutuba. Mfereji wa Nakivubo na vijito vinavyoingia humo hubeba maji machafu ya mji na ya viwanda kuelekea ziwani. Kinachotuama chini yake si chakula cha mboga.

Mbolea si lazima ununue. Kampala haikosi maganda ya matoke. Yakatekate, changanya na majani makavu, lowesha kidogo, tia kwenye gunia lililochanika na uligeuze kila wiki. Baada ya miezi miwili au mitatu yatakuwa meusi, yanavunjikavunjika, na harufu yake ni ya udongo wa msituni. Yakiwa bado yanatoa joto au yananuka, hayajafika.

Samadi ya kuku wa nyama ni kali zaidi. Ikiwa mbichi huunguza mizizi, na mbaya zaidi hubeba vijidudu vya kuharisha. Mbolea yoyote ya mifugo iache ioze miezi mitatu au zaidi kabla ya kuwapa watoto waichanganye. Baada ya kazi wanawe mikono kwa sabuni, na kucha pia.

Changanya udongo, mbolea na mchanga juu ya turubai. Utajua umefaulu ukibana mchanganyiko kiganjani: unashikamana, na ukiugusa kwa kidole unavunjika. Ukibaki donge, ongeza mchanga. Ukimwagika palepale, ongeza mbolea.

## Hatua ya 4: Jenga nguzo ya mawe

Hapa ndipo magunia mengi hufia, kwa hiyo usikimbie.

Maji ukiyamwaga juu ya udongo, hulowesha sentimita chache kisha huteremka ubavuni kwa nje. Udongo wa chini hubaki mkavu huku wa juu ukiwa tope. Nguzo ya mawe katikati ndiyo inayoyapeleka maji ndani na chini, yasambae kwa pembeni kutafuta mizizi.

Kwanza kunja mdomo wa gunia kwa nje, upungue kimo, mikono ya watoto ifike. Simamisha fito nne zikilizunguka na uzifunge kwa kamba. Gunia likiegemea upande, litaanguka, na likimwangukia mtoto litamvunja mguu.

Weka udongo mtupu chini, unene wa sentimita 10 hadi 15, na uushindilie kwa ngumi. Wapo wanaotandaza mawe chini ya gunia zima. Kwa mahali ambapo maji ni ya kununua kwa jerikeni, mimi naona ni hasara: maji hushuka kwenye nguzo, hukuta mawe, hutoka nje yote. Sakafu ya udongo huyazuia yakae.

Simamisha lile bomba la jerikeni katikati. Jaza mawe ndani yake, jaza udongo kuzunguka nje yake hadi karibu na ukingo wake. Sasa livute juu taratibu, likibaki limeshika kidogo mawe ya juu, na urudie. Mawe ndani, udongo nje, vuta. Watoto wawili wakabidhi mawe, wawili wamimine udongo, na mkubwa mmoja avute. Kunjua gunia kadiri linavyopanda. Acha nafasi ya upana wa kiganja juu.

Makosa ya kuangalia:

Kokoto ndogo sana huziba na udongo baada ya wiki chache. Mawe makubwa mno huacha mapengo ambamo udongo huporomoka. Ngumi ya mtoto ndicho kipimo.

Ukilivuta bomba lote kwa mara moja, mawe hutawanyika na nguzo hukatika. Nguzo iliyokatika katikati haionekani kwa nje, na hutaigundua mpaka miche ya chini ife.

Jaribio: mimina lita 5 polepole katikati ya nguzo. Yanapaswa kuzama bila kutuama juu. Subiri saa moja, kisha penyeza kijiti ubavuni, kimo cha kiganja kutoka chini. Kikitoka na udongo uliolowa, nguzo yako inafanya kazi. Kikitoka kikavu, mwaga kila kitu kwenye turubai na ujenge upya leo, kabla ya kupanda. Inachosha, ila kungoja miche ikauke huchosha zaidi.

## Hatua ya 5: Liache litulie

Mwagilia kwa siku tatu bila kupanda chochote. Udongo utashuka, nawe utaongeza mwingine juu. Ukipanda siku ya kwanza, udongo ukishuka utavuta mizizi na kuning'iniza miche kwenye matundu.

## Hatua ya 6: Gawa gunia kwa wima

Hii ndiyo hatua inayoamua kama watoto watabaki.

Kawaida watu hugawa zamu: Jumatatu wa kwanza, Jumanne wa pili. Zamu huleta ugomvi, na aliyekosa siku yake hulaumiwa kwa kifo cha mmea usio wake. Wengine hugawa kwa mstari: wewe safu ya juu, mwenzako ya chini. Wa juu hufurahi, wa chini hukata tamaa.

Gawa kwa wima. Chora mistari kutoka juu hadi chini, kila mtoto apate kipande chake cha gunia chenye tundu la chini, la kati na la juu. Andika jina lake kwa rangi, au achore alama yake kama bado hajajua kuandika. Mkato wa kwanza uwe sentimita 20 kutoka chini, wa pili 40, wa tatu 60. Gunia la kilo 100 huchukua matundu matano au sita kwa mzunguko, kwa hiyo watoto sita hupata matatu kila mmoja. Wakiwa wanne, matundu yanayobaki ni ya nyumba.

Faida yake ni mbili. Kila mmoja ana mmea mgumu wa chini na mmea rahisi wa juu, hakuna wa kulalamika. Na maji yasipofika chini, wote wataona kwa wakati mmoja, nao watakuja kukuambia kabla mmea haujafa.

Mtu mzima akate tundu kwa umbo la msalaba, upana wa sentimita tano tu. Tundu pana humwaga udongo kila mvua inaponyesha.

Juu ya gunia ni pa wote. Hapo panda dodo, ambayo majirani zetu wa Kongo huiita lengalenga. Mbegu zake ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzitawanya. Upande mmoja tia nakati. Nakati hunywa maji mengi, isogeze karibu na nguzo.

## Hatua ya 7: Pandikiza

Fanya jioni, jua likiwa limepoa. Lowesha kitalu saa moja kabla, ili mche ung'oke na udongo wake.

Mtoto achome kidole tunduni akielekea ndani na chini kidogo. Aingize mizizi yote bila kuikunja, kisha abane udongo kwa vidole viwili. Shina libaki nje, mizizi isionekane. Kipande cha majani makavu kwenye kingo za tundu huzuia udongo usioshwe.

Utajua umefaulu: siku mbili za kwanza miche italegea, waambie watoto mapema, la sivyo watadhani wameua. Kufikia siku ya tano iwe imesimama. Baada ya hapo tazama katikati ya mche. Jani jipya likitokea, mizizi imeshika. Weka miche ya akiba kitaluni kwa wiki mbili, ya kuziba mapengo.

## Hatua ya 8: Maji, kila siku na kwa kipimo

Siku ya jua gunia hili linahitaji lita 5 au 6. Watoto sita wenye chupa za nusu lita, asubuhi kabla ya shule na jioni, wanazimaliza. Watoto wanne wenye chupa za lita moja na nusu humaliza asubuhi moja. Kila mmoja amimine chupa yake kwenye nguzo ya mawe. Tone dogo tu liende juu kwenye dodo. Siku ya mvua nzuri, hakuna maji.

Jerikeni la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mtoto wa miaka saba asilibebe kwa sababu ya mboga. Ampe mkubwa, yeye abebe la lita 3.

Kwa kuwa maji yananunuliwa, tumia yaliyokwisha kufanya kazi moja: ya kuoshea mchele, maharage, mboga na matunda. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga au dawa ya kung'arishia nguo yanachoma mizizi. Ya mtaroni hayaruhusiwi kabisa.

Ukihifadhi maji kwenye pipa, lifunike kwa kifuniko kizito. Pipa wazi huzalisha mbu, na mtoto mdogo anaweza kuzama humo kichwa chini. Hili ndilo onyo moja ambalo silipunguzi kwa mtu yeyote.

## Hatua ya 9: Adui

Vidukari hukaa chini ya majani kwa makundi. Watoto wageuze kila jani mara mbili kwa wiki, wavisugue kwa kidole na kuviosha kwa maji. Viwavi huokotwa kwa mkono. Mtoto wa miaka minane huona kiwavi ambacho wewe umekipita mara tatu. Majivu membamba yakinyunyizwa asubuhi kukiwa na umande husaidia.

Dawa ya kupulizia usitumie kwenye gunia la watoto. Watachuma na kula kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa, hilo halina shaka.

Kuku huzuiwa na zile neti za vitunguu za sokoni, zilizoshonwa pamoja na kufungwa kwenye fito. Mbuzi hazuiwi na neti. Mahali penye mbuzi wanaozurura, jenga uzio wa fito au tafuta mahali pengine.

Majani ya chini yakigeuka njano huku maji yanafika, udongo umechoka. Ongeza mbolea iliyooza juu, viganja vichache kuzunguka nguzo, kila wiki tatu.

## Hatua ya 10: Vuna

Dodo huwa tayari wiki tatu au nne baada ya kutawanya mbegu, na ndiyo itakayowatuliza watoto wakati sukuma bado. Sukuma huanza kuvunwa wiki nne hadi sita baada ya kupandikiza. Vunja majani ya chini kwa kuyavuta kuelekea ardhini, ukiacha matano au sita ya juu. Anayechuma kileleni amemaliza mmea wake.

Kila mtoto avune kipande chake, lakini sufuria ni moja. Osha kwa maji safi ya mwisho kabla ya kukata.

Waambie ukweli mapema: gunia moja halilishi nyumba. Litatoa mboga ya kulia posho (ugali) mara moja au mbili kwa wiki. Mtoto aliyeahidiwa zaidi ya hapo ataona amedanganywa.

Anayetaka kuona magunia yaliyokwisha kukomaa kabla ya kuanza, KCCA wana kituo cha kilimo cha mjini pale Kyanja.

## Gunia likichoka

Jua hula nailoni. Ubavu ukianza kutoa nyuzinyuzi unapoukwaruza, usingoje lipasuke. Subiri mavuno yaishe, limwage kwenye turubai, okota nyuzi zote na uzitupe na takataka; zisichomwe karibu na watoto, moshi wake ni mbaya. Mawe yaoshwe yatumike tena. Udongo uchanganye na mbolea mpya kwa kadiri ya ndoo moja kwa tatu, ujaze gunia jingine, na safari hii ubavuni panda nakati au kunde badala ya sukuma, kwa sababu wadudu wa sukuma waliobaki udongoni watakuwa wanaingojea.